Maji ya Kuchezea

Mimi nikitaka kumjua mwalimu wa chekechea simuulizi amesomea wapi. Namtazama magoti. Kama ifikapo saa nne rinda au suruali yake haina vumbi magotini, huyo bado hajafundisha, amesimama tu mbele ya watoto kama mlingoti wa bendera. Hayo nawaambia nyinyi walimu wadogo mnaopanda mpaka kwangu Wusi siku za Jumamosi, mkanimalizia chai na viazi vitamu, kisha mkaniuliza, "Mwalimu Wakesho, siri yako ilikuwa nini?" Sina siri. Nilianza kazi hii nikiwa msichana, nikaiacha nywele zikiwa nyeupe, na miaka yote hiyo nilikuwa na mambo mawili tu ya kufanya: kuwaacha watoto wacheze, na kuwazuia watu wazima wasiwakatize. La pili ndilo gumu.

Jumamosi iliyopita alikuja Mshai. Mshai ndiye anayefundisha darasa langu la zamani kule Marungu, na ni mwalimu mzuri ingawa ana woga. Aliniletea ujumbe kutoka kwa mzazi mmoja wa huko, Mama Mwende. Ujumbe wenyewe ulikuwa maneno mawili, na Mshai hakuyaelewa hata kidogo. Mimi niliyaelewa, nikalia mbele ya mgeni, mtu mzima na akili zangu. Nitawaambia ni maneno gani, lakini mpaka mumjue Mama Mwende hayatawafaa kitu.

Tuanze na vifaa, kwa sababu ya malalamiko yenu. Kila siku nasikia hamna vifaa. Hivi nyinyi mnaishi Taita gani isiyo na mkonge? Mkonge ukishachanua hufa, na ule mti wake mrefu wa katikati ukikauka unakuwa mwepesi ajabu. Ukate vipande kwa msumeno, uvisugue kwa msasa, tayari una matofali ya watoto ya kujengea nyumba, zizi, kanisa, wanachotaka. Kikimwangukia mtoto kwenye kidole cha mguu hata halii. Vizibo vya soda navyo vipigwe kwa jiwe mpaka meno yake yalale, ndipo uvigawe. Udongo wa kufinyanga chukua kwenye kichuguu, upepete, uukande kama unga wa chapati, uufunike kwa gunia lililolowa. Ukishindwa na hayo, shida si vifaa.

Aliyenifundisha udongo alikuwa Mwalimu Mghoi, hapa hapa Wusi, nilipokuwa msaidizi wake. Siku moja alinikuta namsaidia mtoto kufinyanga ng'ombe. Ng'ombe nilikuwa nimemshika mimi, mtoto ameshika tama. Mwalimu Mghoi akamgeuza geuza yule ng'ombe, akasema, "Wakesho, umefinyanga vizuri sana. Mwakani tutakupeleka darasa la kwanza." Tangu siku hiyo nikashona aproni zangu zote zikiwa na mifuko mikubwa mbele, ili mikono yangu iwe na mahali pa kukaa mtoto anapohangaika. Kuhangaika ndiko kujifunza kwenyewe. Ukimwondolea, umemwibia.

Na udongo husema kweli, jihadharini nao. Kuna kitoto kiliwahi kunifinyanga mimi. Kichwa kilikuwa kama punje ya choroko, na udongo wote uliobaki kikauweka huko nyuma. Nikakiuliza kwa upole, mbona mwalimu yuko hivi? Kikanijibu, "Ndivyo ulivyo ukiandika ubaoni." Nilicheka, lakini nilipofika nyumbani niliwaza. Mtoto huyo alikuwa ananiona mgongo siku nzima. Nikaupunguza ubao kuanzia kesho yake.

Sasa Marungu. Huku kwetu mlimani, mfereji ulipita kando ya darasa letu. Maji hayakuwa habari. Watoto walichukua vikopo, wakajaza, wakamwaga, wakapima kipi kinameza kingine, na tulipomaliza tuliyamwaga hapo hapo chini, yakajiendea zake. Kwa hiyo nilipohamishiwa Marungu, nikashuka na somo langu nililolipenda kuliko yote. Nikawaambia watoto kila mmoja aje na chupa moja ya maji kutoka nyumbani. Mtu wa mlimani pekee ndiye anayeweza kufanya ujinga wa namna hiyo. Wakaja nayo, watoto wa watu. Tukayatia kwenye beseni, tukapima, tukacheka, wakalowa mpaka kwapani. Somo lilipokwisha nikabeba beseni mpaka mlangoni, nikamwaga.

Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja na mtungi wa plastiki mgongoni, kamba ya kubebea imekaza kwenye paji la uso, kama wanavyobeba kina mama wa Kikamba. Wazazi wake walishuka kutoka bara kutafuta shamba, naye akazaliwa hapo hapo Marungu na kujua ukame wake wote. Alikuwa amepita kumchukua binti yake, Mwende. Akatazama chini namna ardhi ilivyoyanywa yale maji mara moja.

"Mwalimu, hiyo ilikuwa maji gani?"

"Ya kujifunza kupima, mama."

"Na umeimwaga."

"Tumemaliza."

"Mmemaliza," akasema polepole. "Mimi nimeamka kuku hajawika kufuata hiyo maji. Nikampa Mwende chupa nikijua ni ya kunywa, shule ina kiu. Kumbe ni ya kuchezea."

Hakupaza sauti. Angenitukana ningepona haraka. Alimshika mtoto mkono wakaondoka, na Mwende akawa anageuka kunitazama njia nzima.

Maneno ya mtu mmoja kwenye foleni ya maji husafiri kuliko tangazo la chifu. Ikawa mwalimu wa mlimani anamwaga maji. Kisha ikawa mwalimu wa mlimani hafundishi, watoto wanacheza tu. Na kusema kweli, wazazi walikuwa na kinyongo kabla hata ya beseni langu. Kulikuwa na akademi moja ya kulipia kando ya barabara kuu, njia ya Miasenyi, na watoto wa huko walirudi nyumbani na madaftari yamejaa alama za vema. Wangu walirudi na udongo kwenye kucha. Mzazi mmoja aliniambia waziwazi, "Wa jirani analeta kitabu, wangu analeta matope." Wakaanza kuwatoa, mmoja mmoja, mpaka asubuhi nikawa naimba wimbo wa kukaribishana na watoto wachache kiasi kwamba tulimaliza majina kabla ya wimbo.

Mwalimu Mkuu akaniita. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Wakesho," akasema, "muhula ukiisha hivi, darasa linafungwa. Wewe utarudi kwenu mlimani, hutakosa kazi. Hawa watoto ndio sijui."

Lakini mimi nilijua. Wenye baba mwenye pikipiki wangefika huko akademi. Wengine wangeshindwa, kwa sababu njia ile ndovu huikata asubuhi wakirudi mbugani, na hakuna mzazi anayemtuma mtoto wa miaka minne apishane na ndovu. Wangekaa nyumbani mpaka miguu irefuke. Mwende alikuwa ameshapewa kazi: niliwahi kumwona nyuma ya vibuzi, fimbo ni ndefu kumliko, naye anaongea na mbuzi mmoja mmoja kwa jina. Niliumia. Darasa lilikuwa linakufa, na lililolifikisha hapo ni beseni langu.

Wikendi hiyo nilipanda hadi kwa Mwalimu Mghoi. Nilitaka anionee huruma. Alinipa sahani ya ugali na mboga, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, wewe umeteremka na mlima mgongoni. Uache mlima ukae mahali pake. Watoto wa huko wanacheza nini?"

"Sijawauliza."

"Usiwaulize. Nenda kawatazame."

Nikaenda kuwatazama pale palipo na kila mtu, kwenye kioski cha maji. Mnajua foleni ya kule: mitungi ndiyo inayopanga mstari, wenyewe wamekaa kivulini wanasuka vikapu na kusubiri maji yaje. Na pembeni, mavumbini, watoto nao walikuwa wamepanga foleni yao. Kila jiwe ni mtungi. Jiwe kubwa ni wa lita ishirini, dogo ni wa tano. Kulikuwa na mwenye kioski, mkali kweli kweli, na kulikuwa na mmoja aliyesukuma jiwe lake mbele kwa ujanja, akashikwa, akasomewa makosa kwa maneno yale yale ya mama zao. Mwende alikuwa hapo, anahesabu mawe kwa Kikamba, imwe, ili, itatu, inya, anayagusa kwa kidole bila kuruka hata moja. Nikaona darasa langu lote liko pale, hesabu, lugha, adabu ya zamu, na hakuna aliyelipangia. Nilikuwa nimewaletea mfereji wa Wusi wakati wao walikuwa na foleni.

Nikaokota mitungi mibovu ya kila kipimo, nikaikata midomo kuwa faneli. Nikaomba mkokoteni, nikaleta mchanga mkavu kutoka mtoni, nikauchekecha mpaka ukawa unateleza. Mchanga mkavu humiminika kama maji, na haumpokonyi mtu wala mbuzi kitu. Kisha nikamwomba Mwalimu Mkuu ruhusa ya kuhamisha darasa siku za maji. Akauliza nahamia wapi. Nikamwambia, kwenye foleni. Akanitazama sana, akasema, "Haya. Zaidi ya kufungwa hakuna."

Siku ya kwanza kina mama walinipa migongo. Tulikaa pembeni yao, mimi na watoto wangu wachache, tunajaza na kumimina mchanga. Sikuhubiri. Mikono niliitia mifukoni nikapiga magoti. Lakini jaribuni nyinyi kumzuia mtoto aliye karibu na mchanga. Mmoja alisogea, akafuatwa na mwingine, na mama zao wakajifanya hawaoni. Mwende alikuja wa mwisho. Alikuwa akimchungulia mama yake, anasogea, anachungulia, anasogea.

Siku ikafika. Mwende alikuwa anabishana na mwenzake, sauti juu, kwamba mtungi mkubwa unakula midogo minne. Mama yake akasikia, akainuka pale kivulini akaja na mtungi wake halisi.

"Wewe, umejuaje?"

"Nimemimina."

"Kwa hivyo hii yangu inataka ngapi ndogo?"

Mwende akautazama ule mtungi, akaupapasa ubavuni ambako ulikuwa umebonyea, akautia mkono kama mganga. Akasema, "Huu haumalizi nne. Umeingia tumbo. Ya nne itamwagika."

Kina mama wakacheka. Mama Mwende hakucheka. Miaka yote alikuwa akiuhesabu mtungi ule ishirini kamili, akigawa maji ya nyumba na ya mbuzi kwa ishirini hiyo, na kila mara jioni yakipelea aliwashuku watoto wanakunywa ovyo. Maji yalikuwa yamekuja. Akachukua mtungi mdogo mzima wa jirani yake, akajaza, akamimina ndani ya ule wake. Akajaza tena. Foleni nzima ilikuwa imesimama, hata mwenye kioski alitoka nje. Wa tatu ukaingia wote. Wa nne akaumimina kwa ubishi, macho kwenye mdomo wa mtungi, na maji yakapanda, yakafika shingoni, yakamwagikia miguu yake mwenyewe.

Kina mama waliitazama ile miguu. Nami sikuthubutu kumtazama usoni. Kisha nikasikia Mama Mwende anacheka, kicheko cha tumboni, ameshika kiuno, na miguu imelowa. "Mwalimu," akasema, "sasa ni mimi nimemwaga."

Jumatatu Mwende alikuwa wa kwanza darasani. Waliobaki waliletwa na mama zao wiki hiyo hiyo, maana foleni iliyonichongea ndiyo ilinisafisha. Muhula ulipoisha Mwalimu Mkuu alipita mlangoni, akatazama ndani, akaendelea na safari yake. Kwa mtu yule hiyo ilikuwa hotuba.

Ila Mama Mwende hakuwa mtu wa kukuachia ushindi mzima. Alinijia, akanionyesha kidole. "Mchanga, sawa. Udongo, sawa. Lakini maji, mwalimu, ni siku nitakayosema mimi." Nikamwambia, sawa mama, siku utakayosema wewe. Ikawa mzaha wetu. Kila muhula nilimwuliza, "Umeshasema?" naye alinijibu, "Bado sijasema." Mvua zikaja na kukosa, watoto wakapita mikononi mwangu, wengine nikafundisha na watoto wao, na jibu lilikuwa lile lile. Siku niliyostaafu, tukiwa tunakula wali wa kuagana, nilimwuliza kwa mara ya mwisho. Akanishika mkono, akasema, "Bado, Mwalimu. Pole." Darasa lile nililifundisha miaka mingi bila kuwachezesha maji hata siku moja. Najivunia hilo kama ninavyojivunia yote niliyowachezesha. Ahadi ni ahadi.

Sasa habari ya Mshai. Hivi karibuni shule ilipata msaada wa vitu vya kuchezea, mabeseni ya rangi, vikopo vya vipimo, vitu vizuri. Na Mshai, kama wengi wenu mnaokunywa chai yangu, alivifungia stoo visije vikaharibika. Usinune, Mshai, nimeshakuambia ana kwa ana. Kitu cha kuchezea kisichoharibika ni kitu ambacho hakijafundisha mtu.

Mama Mwende ana mjukuu katika darasa hilo. Siku hizi nyumbani kwake kuna tangi kubwa la maji ya mvua. Mwende yuko Mombasa kikazi, ndiye aliyemjengea, na nasikia alibishana na fundi kuhusu ukubwa wake mpaka fundi akapima upya, kumbe binti alikuwa na haki. Basi asubuhi moja Mama Mwende alifika darasani, bibi kizee sasa, mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso kama zamani. Akakuta watoto wamekaa mistari, wananakili. Akaona mlango wa stoo na kufuli lake.

"Kuna nini humo?"

"Ni mabeseni, nyanya. Ya watoto kuchezea maji. Lakini hapa kwetu maji ni shida, nikaona si vizuri."

Mshai anasema alilishika lile kufuli. Kisha akamwambia, "Fungua, mama. Leta beseni kubwa." Akajishusha mtungi mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akamimina. Mshai akashtuka, akamwuliza, hayo si ni ya nyumbani? Akamjibu, "Hapana. Hii ni ya kuchezea." Akawaita watoto wakaja, kwanza wakiogopa, halafu wakilowa mpaka kwapani. Walipomaliza hakumwaga. Aliwapa vikopo, wakayabeba wenyewe mpaka kwenye mwarobaini wa shule, kikombe kwa kikombe, wakihesabu. Wakati anaondoka ndipo akamtuma Mshai. "Ukimwona Mwalimu Wakesho, mwambie: leo nimesema."

Nilipojifuta machozi nilimwuliza Mshai jambo moja tu, huyo mama alipokuwa anachezesha watoto alisimama au alipiga magoti. Mshai akafikiri. Akasema alipiga, tena kwa shida, na alipoinuka rinda lake lilikuwa na matope magotini.